Safari ya boti katika Mto Naili: mambo ya kupanga kabla ya kuondoka Arua na Koboko

Mji wa Koboko hauna bandari, na jiji la Arua halina mto unaoweza kubeba boti. Hata hivyo, wakazi wa miji hiyo miwili wanaishi jirani na mojawapo ya sehemu tulivu za Mto Naili: ile iitwayo Naili ya Albert, inayotoka katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert na kuteremka polepole kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini. Mto huo ndio ulioipa jina kanda nzima ya West Nile, yaani magharibi ya Naili. Lakini kwa wengi umebaki kuwa kitu cha kuvukwa kwa haraka, mtu akielekea sokoni, kazini au msibani.

Sikukuu zinapokaribia, familia, vikundi vya vijana na vyama vya kuweka akiba huanza kuulizana kama inawezekana kukodi boti na kutumia siku moja au mbili majini. Jibu ni kwamba inawezekana, tena bila gharama kubwa mno, endapo maandalizi yataanza mapema. Makala hii inaeleza maji yanayopitika na yasiyopitika, wakati unaofaa, namna ya kukagua chombo, hesabu ya mafuta, masharti ya sheria, na hatari za kiafya ambazo msafiri anapaswa kuzifahamu.

Kwa nini maandalizi ni suala la uhai

Tarehe 25 Desemba 2016, boti iliyobeba wachezaji wa timu ya mpira wa miguu kutoka wilaya ya Buliisa pamoja na mashabiki wao, waliokuwa wakienda kwenye mechi ya Krismasi, ilipinduka katika Ziwa Albert. Takriban watu 30 walipoteza maisha. Polisi walisema abiria waliokuwa wakisherehekea walielemea upande mmoja wa chombo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyojulikana kwa jina la MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, wilayani Mukono, ikiwa na kundi la watu waliokwenda kujiburudisha mwishoni mwa juma. Zaidi ya watu 30 walifariki. Maafisa wa serikali walieleza kwamba chombo kilibeba watu kupita uwezo wake na hakikuwa na leseni halali, na wengi waliokuwamo hawakuwa wamevaa jaketi okozi.

Safari zote mbili zilikuwa za furaha. Hakuna aliyekimbia vita wala aliyelazimishwa kupanda. Mambo yaliyosababisha vifo, yaani kuzidisha watu, kutovaa jaketi na kukosa utulivu chomboni, ni mambo ambayo mpangaji wa safari angeweza kuyazuia angali nchi kavu.

Maji yapi yanapitika?

Kosa la kwanza la mpangaji mgeni ni kudhani kila mto unaoonekana kwenye ramani unafaa kwa boti. Mto Enyau unaopita Arua, Mto Ora, Mto Kochi na Mto Kaya ulio mpakani na Sudan Kusini ni mito ya vilimani. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua na miamba huchomoza. Mvua kubwa ikinyesha, hufurika kwa muda mfupi na kubeba magogo. Mito hiyo inafaa kwa matembezi ya ukingoni, si kwa chombo.

Jambo hili lina sababu yake katika umbo la nchi. Mpaka wa Uganda na Kongo, magharibi ya Arua, umefuata mgongo wa ardhi unaotenganisha maji. Mvua inayonyesha mashariki ya mgongo huo hushuka hadi Naili na kuelekea Bahari ya Mediterania. Inayonyesha magharibi huingia katika mito ya Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Arua na Koboko zipo karibu na kilele cha mgawanyiko huo, na kwa hiyo mito yake ingali michanga. Anayetaka maji ya kina hana budi kushuka bondeni upande wa mashariki.

Naili ya Albert yenyewe ni mpana, ina mteremko mdogo sana, na kingo zake zimejaa mafunjo na matete. Kwa kuwa maji yake yanatoka ziwani, hayapandi na kushuka kwa ghafla kama yale ya mito midogo. Lakini nayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofikia kina kikubwa ambacho hadi wakati huo kilikuwa hakijawahi kurekodiwa, maji yalipanda pia katika Ziwa Albert na kando ya Naili, yakafunika nyumba, mashamba na sehemu za kuegeshea vyombo. Visiwa vinavyoelea vya mafunjo na magugu maji huweza kuziba njia iliyokuwa wazi juma lililopita. Kwa hiyo, taarifa ya mvuvi aliyepita leo ina thamani kuliko ramani ya zamani.

Mpaka wa safari upande wa kaskazini uko wazi: baada ya Nimule mto huingia katika maporomoko ya Fola, na hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kupita hapo kwenda Juba. Tangu enzi za meli za mvuke, abiria waliteremshwa eneo hilo na kuendelea kwa miguu. Msafiri wa starehe anapaswa kugeuza mapema zaidi, kabla ya kukaribia mpaka wa nchi.

Njia tatu za kufanya safari

Njia ya kwanza, na rahisi kuliko zote, ni kutumia vivuko vya serikali. Kipo kivuko cha Laropi kinachounganisha Moyo na Adjumani, kipo cha Obongi kinachovuka hadi Sinyanya, na kipo cha Panyimur kinachokatiza ncha ya Ziwa Albert hadi Wanseko. Vivuko hivyo havitozi nauli. Familia yenye watoto wadogo, ambayo haijawahi kupanda chombo, inaweza kuanza hapo: kuvuka asubuhi, kula chakula ng'ambo, na kurudi mchana. Kutoka Koboko, njia ya Laropi hupitia Yumbe na Moyo, na mwendo kati ya Koboko na Moyo pekee ni zaidi ya kilomita 100. Ni vyema kupiga simu siku moja kabla, kwani vivuko husimamishwa mara kwa mara kwa matengenezo au magugu yanapoziba gati.

Njia ya pili ni kukodi mtumbwi wa mashine katika mwalo wa wavuvi, kwa mfano Rhino Camp, Obongi, Laropi au Pakwach. Hii ndiyo njia yenye uhuru mkubwa zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu vyombo vingi vilitengenezwa kwa ajili ya samaki na mizigo. Sehemu kubwa ya makala hii inahusu njia hiyo.

Njia ya tatu ni kwenda Pakwach, kuvuka daraja na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls kupitia lango la Tangi. Kutoka Arua hadi Pakwach, kupitia Nebbi, ni takriban kilomita 130 za lami. Ndani ya hifadhi, boti za kitalii huondoka Paraa asubuhi na alasiri, zikipanda Naili ya Victoria kwa takriban kilomita 17 hadi karibu na maporomoko, ambako mto wote hujibana katika ufa wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Boti nyingine huteremka hadi mahali mto unapoingia Ziwa Albert, kwenye vinamasi anakoishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo unaofanana na kiatu. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini kuliko vya wageni wengine, kwa hiyo kila msafiri abebe kitambulisho. Tiketi ya kuingia hudumu saa 24. Ni muhimu kuulizia mapema njia ya malipo, ili watu wasifike langoni na fedha taslimu zisizopokelewa.

Wakati gani unafaa?

West Nile hupata mvua kuanzia Aprili hivi hadi Novemba, na nyingi zaidi hunyesha kati ya Agosti na Oktoba. Miezi ya Desemba hadi Machi ni mikavu. Barabara za udongo zinazoshuka hadi mtoni hupitika vizuri zaidi wakati huo, na wanyama husogea majini. Upungufu wake ni moshi wa mioto ya nyika na vumbi, ambavyo hupunguza umbali wa kuona.

Katika siku moja, saa za asubuhi ndizo bora. Upepo huwa mdogo na maji hutulia. Kuanzia alasiri upepo hupanda, hasa karibu na Ziwa Albert ambako mawimbi huja bila kizuizi, na wakati wa masika radi huanguka majini. Mpango wa busara ni kuingia chomboni saa moja asubuhi na kuwa nchi kavu kabla ya saa kumi jioni. Safari za usiku zisifanywe kabisa. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, nyavu za wavuvi hazionekani, na askari wa doria hawawezi kutofautisha boti ya starehe na ya magendo.

Jinsi ya kukagua chombo na nahodha

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika kundi la watu 10 au 15, mtu mmoja ateuliwe kuwa msimamizi, na yeye peke yake azungumze na nahodha kuhusu bei, njia na wakati wa kurudi. Msimamizi huyo aende mwaloni siku moja kabla na kukagua mambo yafuatayo.

Kwanza, mbao. Chombo kinachovuja kidogo kikiwa kitupu kitavuja sana kikiwa na watu. Atazame sakafuni kama kuna maji, na aulize yametoka wapi. Ndoo au kopo la kukumba maji liwepo, lakini lisiwe linatumika mfululizo.

Pili, kimo cha ubavu juu ya maji. Watu wote wakishaketi, kati ya maji na ukingo wa chombo ibaki nafasi isiyopungua shibiri mbili. Ikipungua hapo, watu wapunguzwe, hata kama nahodha atasema amewahi kubeba zaidi. Wimbi la kivuko au kishindo cha kiboko halijali historia ya nahodha.

Tatu, jaketi okozi. Idadi yake iwe sawa na idadi ya watu, nahodha akiwamo, na za watoto ziwe za saizi ya watoto. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoanguka majini. Vifungo vivutwe kuhakikisha havijaoza. Jaketi zivaliwe kabla ya kupanda na zivuliwe baada ya kushuka. Kuzikalia kama mito, jambo ambalo ni la kawaida, ni sawa na kutokuwa nazo. Ikiwa mwaloni hakuna za kutosha, zikodiwe au zinunuliwe mjini, na gharama hiyo iwekwe ya kwanza katika bajeti.

Nne, injini na mbadala wake. Iwashwe mbele ya msimamizi. Yawepo makasia mawili na upondo, kamba ndefu na nanga, hata ikiwa ni ya jiwe. Injini ikizimika na hakuna nanga, mkondo hupeleka chombo kwenye mafunjo, na ndani ya mafunjo ndimo walimo mamba na viboko.

Tano, nahodha mwenyewe. Awe mtu anayeijua sehemu hiyo ya mto, si nahodha wa mwalo mwingine. Asiwe amekunywa pombe, wala asipewe pombe njiani kama zawadi.

Lipo pia suala la lugha, ambalo linawahusu hasa wasikilizaji wetu. Manahodha wa Pakwach huzungumza Kialur, wale wa Obongi na Laropi huzungumza Kimadi, na maelezo ya usalama katika boti za hifadhi hutolewa mara nyingi kwa Kiingereza. Msafiri anayetegemea Kiswahili au Kinubi asione haya kuomba maelezo yarudiwe kwa lugha anayoielewa. Kabla ya kuondoka, kundi lote likubaliane maneno machache na nahodha: keti, usisimame, shika ukingo, punguza mwendo, rudi. Katika hatari, hakuna muda wa kutafuta mkalimani.

Hesabu ya mafuta

Watu wengi hukwama mtoni kwa sababu walihesabu umbali na kusahau mkondo. Tuchukue mfano. Boti yenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa katika maji yaliyotulia inateremka kilomita 30 katika mkondo wa kilomita 4 kwa saa. Ikiteremka, mwendo wake halisi ni kilomita 19 kwa saa, na itafika kwa saa 1 na dakika 35 hivi. Ikirudi, itabaki na kilomita 11 tu kwa saa, na itatumia saa 2 na dakika 44 hivi. Safari moja inakuwa ndefu kuliko nyingine kwa zaidi ya saa nzima, ilhali umbali ni ule ule.

Ikiwa injini inatumia lita 8 kwa saa, jumla ya safari hiyo, yenye takriban saa 4 na dakika 20, itahitaji lita 35. Mabaharia hufuata kanuni ya mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi na fungu la akiba. Akiba sawa na nusu ya hesabu, yaani lita 17 au 18 nyingine, hufanya jumla ifike lita 52 au 53. Mafuta yanunuliwe Arua, Koboko au Pakwach, yabebwe katika madumu yenye vifuniko imara, na yawekwe mbali na jiko na wavutaji sigara.

Kutokana na hesabu hiyo linatokea pendekezo muhimu: anza safari kwa kupanda mto, rudi kwa kuteremka. Injini ikiharibika au watu wakichoka, mkondo utawarudisha nyumbani badala ya kuwapeleka mbali.

Sheria, mipaka na vibali

Uganda ina sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021, inayosimamiwa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Chombo kinachobeba abiria kwa malipo kinapaswa kuwa kimesajiliwa na kukaguliwa. Msimamizi ana haki ya kuomba kuona leseni, na nahodha mwaminifu hataona vibaya kuulizwa.

Kabla ya kuingia majini, kundi lijitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kamati ya mwalo, na liache orodha ya majina, namba za simu, njia itakayopitwa na saa ya kurudi. Nakala ya orodha hiyo ibaki kwa ndugu mmoja nyumbani. Endapo saa ya kurudi itapita, ndugu huyo ajue wa kumpigia. Namba za dharura za polisi nchini Uganda ni 999 na 112, ingawa mtandao wa simu hukatika katika baadhi ya sehemu za mto.

Ramani ya mipaka inahitaji uangalifu. Kusini mwa Panyimur, maji ya Ziwa Albert yamegawanywa kati ya Uganda na Kongo, na hakuna alama juu ya maji. Kaskazini ya Laropi mto unakaribia Sudan Kusini. Wakimbizi wanaoishi katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi, Palorinya au Lobule wanaruhusiwa kutembea nchini, lakini wabebe vitambulisho vyao, kwani vizuizi vya barabarani na doria za majini huvihitaji.

Kingo nyingine ni za hifadhi. Ukingo wa mashariki karibu na Pakwach ni wa Murchison Falls, na upande wa magharibi, karibu na Rhino Camp, kuna Hifadhi ya Ajai. Kutia nanga na kuwasha moto mahali kama hapo bila kibali ni kosa.

Wanyama wa majini

Kiboko ndiye mnyama wa kuogopwa zaidi, hata kuliko mamba, kwa sababu anaweza kupindua mtumbwi. Hapendi kitu kinachosimama kati yake na kina cha maji. Kwa hiyo boti ipite upande wa kina, mbali na kundi, kwa mwendo wa polepole usiobadilika ghafla. Akizama na kupotea machoni, nahodha aongeze umbali, asisubiri kuona atatokea wapi.

Mamba huotea kingoni. Mikono na miguu isining'inizwe nje ya chombo, vyombo vya chakula visioshwe ukingoni, na watoto wasichote maji bila mtu mzima. Sehemu salama ya kushuka ni ile ambayo wenyeji huitumia kila siku, si ule mchanga mzuri usio na nyayo.

Afya: kichocho, malale na malaria

Kando ya Naili ya Albert, kuanzia Panyimur na Pakwach hadi Obongi na Moyo, kichocho kimeenea kwa kiwango kikubwa. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha huogelea na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Ukingo wenye majani na maji yaliyosimama ni hatari kuliko katikati ya mto. Ushauri ni kutoogelea, kuvaa viatu vya mpira wakati wa kupanda na kushuka, na kutumia maji yaliyochemshwa. Aliyeingia majini apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ya prazikwanteli hutibu ugonjwa huu vizuri unapogunduliwa mapema.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliwahi kuangamiza watu wengi katika kanda hii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeuondoa ugonjwa wa aina inayopatikana West Nile katika orodha ya matatizo ya afya ya umma. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi, vilivyotiwa dawa ya kuua mbung'o na kuchomekwa kandokando ya mito. Anayeviona asiving'oe wala asivichukue. Vilevile vinatufundisha jambo la mavazi: kwa kuwa rangi ya buluu na nyeusi humvutia mbung'o, msafiri avae nguo za rangi ya mchanga, zenye mikono mirefu. Kwa wanaolala mtoni, chandarua chenye dawa ni lazima, kwani malaria haina msimu mahali penye maji.

Mto wenye kumbukumbu

Safari hii ina faida nyingine isiyoonekana kwenye bajeti. Kwa jamii ya Wanubi wa Arua na Koboko, Naili ya Albert ni ukurasa wa historia yao wenyewe. Katika miaka ya 1870, enzi za Charles Gordon, ngome ya Dufile ilijengwa ukingoni, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Moyo, na meli za mvuke zilizobebwa vipande vipande ziliunganishwa hapo. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, alihamia Wadelai, kaskazini ya Pakwach, mwaka 1885, baada ya majeshi ya Mahdi kusonga mbele kutoka kaskazini. Novemba 1888 majeshi hayo yaliishambulia Dufile na kurudishwa nyuma. Emin aliondoka mwaka 1889, lakini askari wengi walibaki pamoja na familia zao, na mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua baadhi yao kwenda kusini. Wengi wa Wanubi wa Uganda ni wazao wa watu hao.

Pakwach ina simulizi ya zamani zaidi: ndugu wawili, Gipir na Labongo, waliogombana kwa sababu ya mkuki na ushanga, kisha wakaagana mtoni, mmoja akivuka magharibi na mwingine akibaki mashariki. Waluo wa kingo zote mbili huitaja simulizi hiyo kama chanzo cha kutengana kwao. Rhino Camp nayo ilipata jina kutokana na vifaru weupe. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifika kwa chombo kutoka Ziwa Albert na kuwinda eneo hilo mwezi Januari 1910. Leo vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni wawili tu, wote majike, na wanatunzwa nchini Kenya. Anayepita hapo na watoto wake ana la kuwasimulia.

Mfano wa ratiba ya siku mbili

Kundi la watu 12 kutoka Koboko linaweza kuondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kupitia Arua na Nebbi, na kufika Pakwach kabla ya adhuhuri. Mchana msimamizi anakagua chombo na kukutana na kamati ya mwalo, huku wengine wakipumzika na kununua samaki. Jioni wanalala mjini. Jumapili saa moja asubuhi wanapanda mto kwa saa mbili kuelekea ziwani, bila kuingia maji ya wazi, wanatia nanga katika mwalo unaokaliwa na watu, wanakula, kisha wanaanza kurudi kabla ya saa sita mchana. Saa nane wamo garini. Fedha zigawanywe katika mafungu matano: usafiri wa barabara, chombo na mafuta, jaketi okozi, chakula na malazi, na akiba isiyopungua sehemu moja ya kumi ya jumla.

Chombo kikipinduka

Hata baada ya maandalizi yote, ajali huweza kutokea. Kanuni ya kwanza ni kushikilia chombo. Mtumbwi wa mbao uliopinduka mara nyingi huendelea kuelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Anayejaribu kuogelea hadi ukingoni huchoka kabla ya kufika, kwani majini umbali hudanganya macho. Watu wahesabiwe mara moja kwa majina. Watoto wawekwe katikati, na wenye jaketi washikane mikono. Filimbi, inayouzwa kwa bei ndogo madukani na kufungwa kwenye jaketi, husikika mbali kuliko sauti ya mtu anayetweta.

Msimamizi wa safari ana neno moja la mwisho ambalo hakuna sheria inayoweza kulisema badala yake, nalo ni kuahirisha. Upepo ukivuma mapema, jaketi zikipungua hata moja, nahodha akinuka pombe, kundi lirudi mjini na kula chakula chake chini ya mwembe. Fedha ya kukodi chombo inaweza kupotea kwa uamuzi huo, na vijana wanaweza kununa. Lakini mto utakuwapo Jumamosi ijayo, nao watakuwapo kuurudia.